Chupani Buluu, Kiooni Zambarau

Tarehe 3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekufikia ikiwa kavu, maana imesafiri ndani ya boksi la vioo na baadhi ya vioo vilikuwa bado na unyevu.

Kwanza nisamehe kwa simu ya juzi. Nilikuwa na mengi ya kusema, ila nikijua kuna mtu ananisubiri sikioni, maneno yote yanakimbia. Mama anasema ulilipia kusikiliza pumzi zangu. Ndiyo maana nilifurahi uliposema niandike, niiweke barua kwenye boksi tunalokurudishia. Karatasi haina haraka na mtu.

Kazi nimeanza. Chumba chetu kina meza mbili ndefu, sinki, tanuri dogo na kabati la chupa. Tuko watatu. Kuna Mkuu, mama mrefu anayetembea na miwani kichwani huku akiitafuta. Kuna Fundi Kioo, anayekata vioo na kuongea kwa niaba yake na yangu. Halafu mimi. Fundi Kioo anapaka uji mweupe kwenye kioo, tunauoka mpaka unashika, kisha mimi nakilaza kioo kwenye rangi iliyotengenezwa kwa unga wako. Kesho yake nakitoa, tunakifunika kwa kioo cha pili, tunadondosha dawa katikati na kubana kwa vibanio. Kikipigwa na mwanga kinatoa umeme. Siku ya kwanza nilidhani wananitania.

Mashine ya kupima rangi imeungua taa, na taa mpya haijafika. Kwa hiyo Mkuu ameniambia niwe nakuandikia rangi kwa macho. Unga wa kwanza: chupani ni buluu, buluu ya wino. Kioo kilicholala humo kimetoka zambarau, kama ganda la bilinganya.

Mkuu ametuambia na ukweli mwingine. Mwisho wa Aprili chumba hiki watapewa watu wa betri, isipokuwa kama seli zetu, yaani hivyo vioo vya umeme, zitaweza kuendesha saa ya ukutani kule ukumbini, pasipo dirisha, kwa mwanga wa taa tu, tangu milango inapofunguliwa hadi inapofungwa. Chumba kikichukuliwa, mimi narudi kukaa kwenye duka la Mama, kuwatajia wateja bei. Mjomba, unanijua.

Nina swali. Molekuli inachorwaje? Unaanza na penseli? Hapa nimeona haya kuuliza.

Mpwa wako

*

Tarehe 10 Februari

Sisimizi wangu,

Marahaba. Barua imefika kavu, na ina maneno mengi kuliko yote uliyoniambia tangu umejua kuongea. Nimeisoma mara mbili nikimtafuta aliyekuandikia.

Penseli ipo, lakini michoro yangu ni ya kuku aliyekanyaga wino. Kazi yenyewe iko kwenye kompyuta. Molekuli yangu ina sehemu tatu: kichwa kinachotoa elektroni, mguu unaoshika ule weupe wenu, na shingo inayoviunganisha. Mwanga ukikigonga kichwa, elektroni moja inashtuka kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Inateremka shingoni, inapita mguuni, inaingia kwenye weupe na kutoka hadi kwenye waya. Safari hiyo ndiyo umeme. Dawa mnayodondosha katikati inakiletea kichwa elektroni nyingine, kisibaki kitupu.

Nikirefusha shingo, molekuli inanasa mwanga ambao nyingine zinauachia upite. Ikizidi urefu, elektroni inaamka mvivu, haina nguvu ya kuruka. Basi kazi ya mjomba wako ni kurefusha kidogo, kuiuliza kompyuta, kunywa chai na kusubiri namba. Namba ikipendeza, majirani zangu wa jikoni, yaani wanakemia wetu, wanaupika unga.

Jambo moja. Chagua jina moja la rangi. Umeandika buluu, mstari unaofuata zambarau. Hizo ni mbwembwe za wauza vitambaa. Namba yangu inasema buluu, nawe andika buluu, tusichanganyane.

Kuhusu duka la Mama: tutapigana usirudi huko. Wateja nao wana haki ya kuambiwa bei kwa sauti.

Mjomba wako

*

Tarehe 18 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nimekuelewa kuhusu majina. Nilitaka kukujibu neno, lakini wewe ulianza kuchora molekuli kabla mimi sijajua kusoma, na mimi hata mwezi sijamaliza hapa. Rangi: buluu.

Saa ya ukumbini tuliiunga Jumanne. Mshale wa sekunde ulitetemeka, ukapiga hatua chache, ukasimama. Fundi Kioo akasema saa hiyo ni ndugu yake, asubuhi ina moto, ikifika chai imekwisha. Mkuu alicheka, kisha akaivua miwani kichwani akaishika mkononi muda mrefu bila kuivaa.

Maelezo yako ya kichwa, shingo na mguu nimeyabandika juu ya sinki. Kuna kitu kinanisumbua nikiosha vioo. Kwenye kompyuta yako molekuli iko peke yake. Kwenye kioo zimebanana kama wanafunzi kwenye benchi moja. Mimi nikiwa peke yangu naimba, wakija watu siimbi. Je, molekuli haibadiliki ikizungukwa na wenzake?

Mpwa wako

*

Tarehe 1 Machi

Sisimizi,

Kwa hiyo unaimba. Nitamwuliza dada yangu kwa nini amenificha.

Swali lako nimeliweka mfukoni, maana leo nina haraka. Humu mna unga mpya. Nimerefusha shingo, na namba iliyotoka ni nzuri mno, nimemwita hadi mlinzi aje aione. Alisema hongera, akauliza kama inahusu mpira.

Ulazeni kioo kama kawaida. Saa itatembea.

Mjomba wako

*

Tarehe 11 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Saa haikutembea. Hata kutetemeka haikutetemeka.

Tulirudia kwa vioo vipya, Fundi Kioo akabadilisha vibanio, akabadilisha waya, mwishowe akabadilisha na saa yenyewe. Unga wa kwanza, ule wa shingo fupi, bado unaushinda huu. Kioo kimeiva sana kwa macho, ukikitazama utasema kitawasha mtaa mzima.

Rangi: buluu, kama ulivyoelekeza.

Leo watu wa betri walikuja na futi ya kupimia. Wawili, wapole. Walipima ukuta wenye sinki, wakaulizana kama kabati lao litaenea pale. Mmoja aliniomba nisogee kidogo, nami nikasogea. Mkuu alikuwa mlangoni akaniona nikisogea.

Mpwa wako

*

Tarehe 19 Machi

Sisimizi,

Sielewi, na nimezoea kuelewa. Nimeipitia hesabu upya toka kichwani hadi mguuni. Shingo hii inapaswa kunasa mwanga zaidi, na elektroni ina nguvu ya kutosha kuruka. Huku nako wameanza kuniuliza kama kuna haja ya kuendelea kupika unga wangu.

Nimelitoa swali lako mfukoni. Uliuliza kama molekuli hubadilika zikibanana. Inatokea. Lakini ingetokea kwetu, rangi ya kioo ingeachana na rangi ya chupa, nawe umeandika buluu mara zote. Kwa hiyo hilo tunalifuta. Limebaki moja, usinichukie kwa kuliuliza: vioo unaviosha vizuri?

Mjomba wako

*

Tarehe 26 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Vioo naviosha kwa sabuni, kwa maji, kwa spiriti, halafu kwa maji tena, na navikausha bila kuvigusa uso. Barua yako niliisoma kwenye kabati la chupa, mlango ukiwa umenificha. Kisha nilirudi kusoma yale maneno yaliyo juu ya swali la kuosha, kwamba rangi ya kioo ingeachana na ya chupa.

Mjomba, rangi zimeachana. Zimeachana tangu siku ya kwanza. Chupani ni buluu, kiooni ni zambarau. Nilikuandikia mwanzo, ukaniambia nichague moja, nikachagua ile ya namba yako. Nilidhani wewe unajua kwamba kioo hubadilisha rangi kidogo, na kwamba kulitaja ni utoto. Na ule unga wa shingo ndefu umezidi. Chupani ni buluu iliyokolea. Kiooni ni zambarau yenye wekundu ndani yake.

Nilitaka nikuthibitishie kwamba si mbwembwe. Jioni nilimwomba Mama anifungulie sanduku la vitambaa nitafute vipande viwili vya kulinganisha na vioo. Humo nikakutana na sketi yangu ya shule. Unaikumbuka? Nilipoingia sekondari sare ilikuwa ya buluu, na wewe ndiye uliyetuletea kitambaa. Kilikuwa zambarau. Mama alisema mjomba mtu amejitolea, hatumwaibishi, akaishona hivyo hivyo. Nyumbani bado wanasema ulikuwa unatutania. Mimi nilisimama mstari wa nyuma muhula mzima ili nisionekane, na nafikiri sijawahi kurudi mbele.

Sikuandikii kukulaumu. Ni kwamba nilikiweka kioo juu ya sketi, vikafanana kabisa, halafu nikawa nimekaa tu pale sakafuni.

Mjomba, kitambaa kile ulipokinunua, ulikiona cha rangi gani?

Mpwa wako

*

Tarehe 2 Aprili

Mpwa wangu,

Nilikiona buluu. Ukinionyesha leo, nitakiona buluu. Kwangu mimi buluu na zambarau ni mtu mmoja aliyepewa majina mawili na watu wenye maneno mengi. Hivyo ndivyo nilivyoamua tangu mdogo, na nilikuwa nimeridhika. Nyanya mbichi nilizokuwa nikileta toka bustanini nazo Mama yako atakusimulia. Kwake ni kichekesho, na mimi nimekilea kichekesho hicho kwa bidii kuliko molekuli yoyote.

Daktari wa macho aliniambia jina lake: upofu wa rangi. Nilimlipa, nikalikunja jina mfukoni, sikumwambia mtu. Niliipata kazi hii kwa hesabu, na kwenye hesabu rangi ni namba. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naziona. Nani angeuliza? Nani anamwuliza mpishi kama ana ulimi?

Ile sketi. Sina la kusema juu ya sketi ila pole, na pole ni neno fupi mno kwa muhula mzima.

Sasa sikiliza, maana umefanya kazi ambayo mashine yenye taa ingeifanya. Kioo kikienda zambarau, maana yake molekuli zangu zimelaliana kama sahani kabatini. Zikilaliana, mwanga ukizigonga zinapokezana zenyewe kwa zenyewe badala ya kuteremsha elektroni chini. Nilivyorefusha shingo niliifanya sahani kuwa pana zaidi, ikalaliana vizuri zaidi. Swali lako la benchi lilikuwa ndilo lenyewe, nami nililitia mfukoni.

Jaribu hili. Kwenye kabati lenu kuna chupa ya unga mweupe unaotokana na nyongo ya ng'ombe. Usishangae, hata nyongo ina kazi. Hauna rangi na hautoi umeme, ila unajipenyeza katikati ya molekuli na kuzitenganisha. Changanya kidogo kwenye rangi, ulaze kioo, uangalie kama kitabaki buluu. Wakati huo mimi naichorea shingo viwiko viwili, vya kusukuma majirani. Jikoni wameshaanza.

Utalazimika kumweleza Mkuu kwa mdomo, maana karatasi hii haiwezi kukusemea. Sema ulichokiona. Langu niachie mimi.

Mjomba wako

*

Tarehe 14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Kioo chenye nyongo kimetoka buluu. Si buluu kamili, kina kivuli cha zambarau pembeni, lakini hata Fundi Kioo aliona bila kuambiwa, na yeye huwa haoni hata chumvi ikiwa mbele yake. Saa ilitembea toka asubuhi ikapita saa ya chakula. Kisha ikachoka.

Mkuu akatuita mezani, na mkubwa wa watu wa betri akawepo. Aliuliza kimebadilika nini. Fundi Kioo alifungua mdomo kama kawaida, kisha akaufunga na kunitazama. Sijawahi kumwona akiufunga. Nilisimama, ingawa hakuna aliyeniambia nisimame, wengine wote walikuwa wamekaa.

Nilisema, "Chupani ni buluu, kiooni ilikuwa zambarau. Molekuli zilikuwa zinalaliana."

Mkuu akaniuliza niliona lini. Nikasema siku ya kwanza. Akauliza kwa nini basi rekodi zote zinasema buluu. Hapo nilikukumbuka, nikasema niliambiwa niandike rangi moja, nikaandika ya chupani. Aligeuka kutazama ukumbini, nami nikasikia ile saa ilivyokuwa haipigi. Halafu akasema, "Kuanzia leo andika unachokiona, hata kikiwa viwili."

Yule wa betri aliuliza kuhusu nyongo. Nikajikuta namweleza, na mikono yangu ikawa inaonyesha sahani. Aliniuliza na la pili, nikamjibu. Mjomba, nilikuwa naongea na mtu anayenisubiri.

Mkuu amesema tarehe ya mwisho haisogei. Tunasubiri viwiko.

Mpwa wako

*

Tarehe 21 Aprili

Sisimizi,

Unga wenye viwiko ndio huu. Namba yake ni ndogo kidogo kuliko ile niliyomwitia mlinzi. Sikuipenda, lakini namba ile ilikuwa ya molekuli iliyo peke yake, na nimejifunza kuwa hakuna anayeishi peke yake.

Ulinificha mbele ya Mkuu wako, ukasema uliambiwa bila kutaja na nani. Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi. Basi jana nilikwenda kwa mkubwa wangu, nikamweleza yote, hadi nyanya mbichi. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa nikusanye vitu vyangu. Akavuta droo, akatoa mchoro wa molekuli niliyomletea mwaka juzi, ambayo nayo ilifeli bila sababu. Akauliza kioo chake kilikuwa rangi gani. Nikamwambia sijui. Akasema, na mimi sikuangalia, nilisoma namba yako. Hakunipongeza wala hakunifukuza. Alisema kila boksi litakalotoka na kuingia hapa lazima liwe na maneno ya mtu aliyetazama.

Sasa nina swali ambalo sijawahi kumwuliza mtu, maana kuliuliza kungenifichua. Buluu na zambarau zinatofautiana nini? Usiniambie bilinganya, bilinganya nalo ni buluu.

Mjomba wako

*

Tarehe 30 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Kioo cha viwiko: chupani buluu, kiooni buluu. Nilikigeuza dirishani, chini ya taa, nyuma ya mlango wa kabati. Ni buluu.

Saa tuliiunga wakati mfagizi anafungua milango. Hatukukubaliana kuitazama, lakini kila mtu alipata sababu ya kupita ukumbini. Fundi Kioo alikwenda chooni mara nyingi mpaka Mkuu akamwuliza kama anaumwa. Baada ya chakula ikafika mahali ilipochokea juzi, ikapita pale kama vile hapajawahi kuwa na kitu. Mfagizi aliporudi kufunga ilikuwa bado inatembea. Alitukuta tumejipanga mbele ya ukuta mtupu wenye saa, akauliza nani amefariki.

Chumba kimebaki chetu. Watu wa betri wamepewa stoo, na yule mkubwa wao amekuja kuazima sinki na kuuliza maswali. Mama nimemwambia atafute mtu wa duka. Amesema alishampata, hakutaka tu kunikatisha tamaa.

Kuhusu swali lako. Nimelifikiria siku zote hizi, nikaona siwezi kutumia kitu chochote cha kutazama. Kwenye boksi utakuta vipande viwili vya kitambaa. Kilichokatwa pembe moja ni buluu, nimekiomba dukani. Kilichokatwa pembe mbili ni zambarau, ni cha sketi. Na vioo nitakuwa navichonga ukingo hivyo hivyo, ili vidole vyako vikwambie kabla ya mtu. Lakini hiyo ni kukuonyesha zinapokaa, siyo zilivyo. Basi nimejaribu hivi.

Buluu ni saa ya ukumbini ikipiga wakati watu wote wameondoka. Iko wazi, iko mbali kidogo, haimwiti mtu.

Zambarau ni saa ile ile, ila kuna mtu amesimama nje ya mlango. Hujamwona, lakini ukumbi hauko tena kama ulivyokuwa, una joto kidogo. Anataka kuingia na anasita.

Sijui kama nimesaidia. Ndivyo ninavyoiona.

Mpwa wako

*

Tarehe 8 Mei

Mpwa wangu,

Nimekaa na vipande viwili magotini, nikavitazama mpaka chai ikapoa. Kwa macho bado ni kitu kimoja. Lakini nimefumba macho, nikasikiliza ukumbi mtupu, halafu nikasikiliza ukumbi wenye mtu mlangoni, na kwa mara ya kwanza nimeelewa watu huwa wanabishania nini.

Kile cha pembe mbili nimekibandika juu ya kompyuta. Aliyeniuliza ni nini nimemwambia ni sketi ya mpwa wangu, ni zambarau, na niliinunua mimi.

Na yule anayesita mlangoni, mwambie aingie. Kiti kipo.

Humu mna unga mwingine, nimeiongezea shingo kipande kidogo. Kompyuta imenipa namba, sikuandikii. Utazame kwanza, kisha uniambie kiooni ni nani amekuja.

Mjomba wako